Apolo Kivebulaya, mwalimu aliyefuata wanafunzi mpaka msituni

Huko Boga, eneo la Irumu, kusini mwa Bunia, Apolo Kivebulaya anakumbukwa kama muzee wa kanisa. Wengi wanasahau kwamba kazi iliyomleta ilikuwa pia kufundisha watu kusoma.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Aliitwa Waswa sababu alikuwa pacha, akabatizwa Apolo mwaka 1895. Kivebulaya ni jina la utani kwa Kiganda, kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti alilopenda kuvaa.

Mwishoni mwa 1896 alivuka Semliki. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa na njaa, maana sultani Tabaro hakutaka wapewe chakula. Apolo akanunua jembe mbele ya kufika, akalima mwenyewe. Baadaye alipigwa, akafungwa Toro, akarudi tena.

Lakini kulikuwa shida ambayo jembe haliwezi. Vitabu vya misheni vilikuwa vya Kiganda, na Wahema wa Boga wanasema lugha iliyo karibu na Kinyoro. Tena kusoma kulikuwa sharti la kubatizwa. Basi mtu mzima aliyeshindwa na lugha ya kigeni alibaki mlangoni, hata kama imani anayo. Kwa desturi ya misheni ile, wanaoanza walipewa karatasi ya herufi na silabi. Aliyezishika alipanda kwenye Injili. Ambaye bado, anabaki na karatasi yake, awe mzee awe mtoto. Vitabu vya Kinyoro vilipotoka, miaka ya mwanzo ya 1900, mzigo ulipungua.

Apolo alifanywa kasisi mwaka 1903, akatumika Toro miaka mingi, kisha akarudi Boga. Tangu 1921 akaanza kuingia msituni kwa Wambuti, na hapo kukaa mahali pamoja hakukufaa. Wambuti wanahama kufuata nyama na asali. Mwalimu akingojea darasa lijae, atangoja mpaka achoke. Yeye akafuata kambi. Kiganda kule, hapana! Akajifunza maneno yao, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Mwalimu wa karibu miaka sitini alikuwa mwanafunzi tena, na pengine yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya wote.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu.