Joseph Mohr, Mtungaji wa Wimbo wa Usiku Mtakatifu

Wasomaji wetu, wimbo wa Usiku Mtakatifu twaujua sote. Huimbwa katika sharika za Singida, na huko Norwei pia, ambako mwaka 1987 mwimbaji Sissel Kyrkjebø aliipa santuri yake ya Krismasi jina la wimbo huu, nayo ikanunuliwa na watu wengi mno. Walakini wachache wamjua mtu aliyetunga maneno yake. Basi twataka kusimulia habari zake.

Joseph Mohr alizaliwa tarehe 11 Desemba 1792 katika mji wa Salzburg, ulio leo katika nchi ya Austria. Mama yake, Anna Schoiber, alikuwa maskini, akijipatia riziki kwa kufuma. Baba yake alikuwa askari aliyetoroka jeshini, asimwoe mama wala kumlea mtoto. Siku zile mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alidharauliwa. Tena aliyeandikwa kuwa mdhamini wa ubatizo wake alikuwa mwenye kazi ya kuwaua wahalifu waliohukumiwa, kazi iliyochukiwa na watu.

Lakini padre mmoja wa kanisa kuu, jina lake Johann Nepomuk Hiernle, aliiona akili ya mtoto huyu, akamlea, akamtia shule na katika muziki. Mohr alipotaka kuwa padre ilipasa aombewe ruhusa maalumu kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Ruhusa ikatolewa, akawekewa mikono mwaka 1815.

Mwaka 1816 alikuwa akitumika Mariapfarr, kijiji cha milimani. Nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya Napoleon, na mwaka ule baridi iliharibu mazao, watu wakaona njaa. Ndipo alipoandika beti sita juu ya usiku wa amani. Tarehe 24 Desemba 1818, akiwa Oberndorf, alimpa beti zile mwalimu Franz Xaver Gruber, akamwomba azitungie tuni. Usiku uo huo wakaziimba wawili kanisani, Mohr akipiga gita. Watu husimulia kwamba panya walikuwa wametafuna mivukuto ya kinanda; hiyo ni hadithi iliyobuniwa baadaye.

Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, akauchukua wimbo mpaka Tirol, na waimbaji wa huko wakaueneza hata Marekani. Majina ya watunzi yakasahauliwa. Mohr alihamishwa mara nyingi. Huko Wagrain, alikofika mwaka 1837, alijishughulisha na kujenga shule, akatafuta fedha ili watoto wa maskini wapate kusoma. Akafa huko tarehe 4 Desemba 1848 kwa ugonjwa wa mapafu, asiache mali. Mwaka 1854 watu wa Berlin waliuliza habari za mtunzi, Gruber akaandika ushahidi. Na mwaka 1995 yalitambuliwa maandiko ya mkono wa Mohr mwenyewe, yaonyeshayo kwamba maneno ni yake, ya mwaka 1816.

Wazee wa kanisa na wainjilisti, tulitafakari jambo hili. Kama Hiernle angalimwacha mtoto yule nje kwa ajili ya makosa ya wazazi wake, tusingaliupata wimbo huu. Katika sharika zetu pia wako watoto ambao kuzaliwa kwao hunong'onezwa. Tusiwanyime ubatizo, wala shule, wala nafasi katika kwaya.