Claude Bourgelat, mzee wa waganga wa nyama

Imbwa wa mwenzetu mmoja wa karyeri alikufa saa chache kisha kupigwa sindano. Tulimwuliza mwenye sindano alisomea wapi. Akatuonyesha chupa tu, karatasi hana. Ndiyo maana leo tunawaletea habari za Bourgelat.

Alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1712. Hakuwa munganga, alikuwa mtu wa farasi: aliongoza chuo cha kupanda farasi, na mwaka 1744 akatoa kitabu juu ya kazi ile. Wakati ule farasi akigonjwa waliita mhunzi, yule anayempigilia viatu vya chuma. Ng'ombe naye alitunzwa na mchungaji ao mwenye dawa za siri. Nyama akifa, basi. Utamshitaki nani, na hakuna anayejua kazi nzuri iko namna gani? Tena sotoka ilikuwa inamaliza ng'ombe za Ulaya.

Bertin, rafiki yake, alikuwa mkubwa wa Leta pale Lyon. Alipopanda kuwa minista akamsaidia. Ruhusa ilitoka tarehe 4 Agosti 1761, na 1762 masomo ikafunguliwa ndani ya nyumba ya wageni ya zamani, kule Guillotière. Ndiyo ya kwanza ya waganga wa nyama. Kisha akaanzisha ile ya Alfort, karibu na Paris. Wanafunzi wakatumwa vijijini kupigana na magonjwa ya mifugo.

Tusimsifu kwa yote. Aligombana sana na Lafosse, ambaye naye alijua farasi vizuri, na farasi aliwapenda kupita ng'ombe ya mlimaji. Lakini mwaka 1777 aliandika sheria za masomo yake: munganga afanye kazi kwa haki, na asimkate masikini bei ya tajiri. Hata leo waganga wa nyama wa Ufaransa wanaapa kiapo chenye jina lake. Alikufa 1779.

Miaka 25 kisha, Kodi ya Napoléon iliweka nyama kati ya mali, kama meza. Wabelgiji wakatuletea fikira ile ile. Ufaransa ilibadilisha 2015: nyama ni kiumbe chenye kusikia maumivu. Kwetu, artikle 258 ya kodi sivile, kitabu cha tatu, inasema anayeharibia mwingine kwa kosa lake alipe. Basi mwenzetu anaweza kudai bei ya imbwa, akionyesha kosa. Machozi ya watoto ni neno lingine. Chupa angali nayo. Tumemwambia aipeleke kwa munganga wa Leta aisome kwanza.