Ibn Khaldun na Hesabu ya Watu

Mwezi huu tumkumbuke mtu aliyezaliwa na kufa ndani ya Ramadhani, naye ni Abdulrahman Ibn Khaldun.

Alizaliwa Tunis, Afrika Kaskazini, tarehe 1 Ramadhani 732 Hijria, sawa na Mei 27, 1332. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, kule kule zilikotoka familia nyingi za pwani yetu. Wazee wake walihamia Andalusia wakakaa Seville, kisha katika karne ya 13 wakaukimbia mji huo kabla haujatekwa. Kwa hiyo habari za kuhama alizikuta nyumbani kwao.

Alihifadhi Qur'ani akiwa mdogo, akasoma fiqhi, mantiki na hesabu. Alipokuwa na miaka 16 au 17 hivi, tauni ikaingia Tunis. Hiyo ilikuwa 1348 na 1349, na si mchezo: Ulaya peke yake inakadiriwa kupoteza theluthi moja ya watu au zaidi. Baba yake akafa, mama yake akafa, na walimu wake wengi pia.

Baada ya hapo hakutulia. Alikuwa karani wa masultani, akafungwa jela Fez karibu miaka miwili, akatumwa balozi Seville, mji ule ule wa wazee wake. Mwaka 1375 akachoka na siasa, akajitenga na familia yake katika ngome ya Ibn Salama, nchi ya Algeria ya leo. Huko ndiko alikoandika Muqaddima, akiimaliza rasimu yake ya kwanza mwaka 1377.

Ndani yake aliuliza kwa nini watu huongezeka mahali na kwa nini hupungua. Alieleza kwamba mtu mmoja peke yake hawezi hata kujipatia mkate wake, maana anahitaji mkulima, msagaji na fundi wa vyombo. Watu wakiwa wengi na wakigawana kazi, kinachozalishwa huzidi mahitaji yao, riziki hupanuka, na wengine huvutwa kuja. Utawala ukiwa mpole watu huwa na matumaini, wakazaa na kujenga. Lakini kodi ikizidi na dhulma ikitawala, mkulima huacha jembe, njaa huingia, watu hutawanyika. Akaona pia kwamba msongamano mkubwa huleta maradhi, na kwamba watu waliotawaliwa kwa mabavu hukata tamaa hata idadi yao ikapungua.

Wataalamu wa leo husema idadi ya watu hubadilika kwa njia tatu: kuzaliwa, kufa na kuhama. Hebu tuziangalie hapa kwetu Taita Taveta. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kuwa wamemsaidia adui, wakawahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa, na waliosalia walirudi kwao miaka ya 1930. Hapo dhulma ndiyo iliyopunguza watu, kama alivyoeleza mzee wetu.

Upande wa pili kuna Voi. Reli ilifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, mashamba ya mkonge yakafuata, na kazi zikaleta watu kutoka kila pembe. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 284,657 Taita Taveta. Ya 2019 ikahesabu 340,671. Hilo ni ongezeko la watu 56,000 na zaidi kwa miaka 10, ilhali zaidi ya nusu ya ardhi imo ndani ya mbuga za Tsavo tangu 1948. Na si kwamba kila nyumba inazaa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Uchunguzi wa 2022 ulipata 3.4. Watoto waliozaliwa zamani ndio wazazi wa leo, kwa hiyo hesabu bado inapanda. Nao wote wanahitaji maji, shule na kazi.

Turudi kwa Ibn Khaldun. Mwishoni mwa 1382 alifika Misri, akafundisha Al-Azhar na kuteuliwa kadhi wa madhehebu ya Maliki. Mwaka 1384 meli iliyowaleta mkewe na watoto ilizama karibu na Alexandria. Hakuacha kazi. Alikataa upendeleo mahakamani, akafukuzwa, akarudishwa, hadi akateuliwa mara sita. Mwaka 1401, akiwa na karibu miaka 70, aliteremshwa kwa kamba kutoka ukuta wa Damascus kwenda kuzungumza na Timur aliyeuzingira mji.

Alifariki Cairo mwishoni mwa Ramadhani 808, Machi 1406. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Vijana wenzangu, tukisikia watu wamekuwa wengi, tusiishie kulaumu uzazi. Tuulize kama kuna kazi, kama ardhi na maji vinagawanywa kwa haki, na kama kijana wa Voi, Wundanyi au Taveta ana sababu ya kubaki kwao. Ramadhan Karim.