Buchta, mpiga picha aliyefika kabla ya mji wa Juba

Ukipita Nyakuron leo utaona vijana wakijipiga picha kwa simu, kila mmoja akichagua mwenyewe namna ya kuonekana. Katika ardhi hii ya Wabari, miaka zaidi ya 140 iliyopita, kamera ilikuwa mikononi mwa mgeni: Richard Buchta.

Alizaliwa mwaka 1845 huko Galicia, wakati huo sehemu ya milki ya Austria. Alihamia Misri, kisha Khartoum. Mwaka 1878 alipanda mto Nile hadi Lado, kaskazini kidogo ya ilipo Juba sasa, makao ya Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria.

Mwaka huo Nile ilifurika kupita kiasi. Maji yaling'oa mafunjo ya kinamasi cha Sudd, yakashikamana na kuziba mto. Mpaka njia ilipofunguliwa mwaka 1880, Lado ilikaa bila meli kutoka Khartoum, bila bidhaa wala barua. Mfanyabiashara aliyewahi kungoja mzigo uliozuiwa na mafuriko anaijua hali hiyo.

Katika miaka hiyo Buchta alibeba mitambo yake mizito kutoka kijiji hadi kijiji. Alipiga picha za Wabari na Waazande, akavuka nchi ya Waacholi hadi Unyoro, sehemu ambazo leo zimegawanywa na mpaka wa Sudan Kusini na Uganda. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za eneo hilo.

Aliporudi Ulaya, mwaka 1881 alichapisha mjini Berlin albamu ya picha 160. Picha hizo zilichorwa upya katika vitabu vya wasafiri wengine na kuwaonyesha Wazungu sura ya nchi za Nile ya juu. Mwaka 1888 aliandika kitabu kuhusu Sudan chini ya utawala wa Misri. Alifariki Vienna mwaka 1894.

Kazi yake ina thamani na ina pengo. Chini ya picha nyingi limeandikwa jina la kabila, si la mtu. Nyuso za mababu zimebaki, majina yao yamepotea. Nakala kadhaa zimehifadhiwa katika makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Anayejipiga picha Nyakuron leo, aandike jina lake, mahali na mwaka, ili wajukuu wasije wakabahatisha.