Joseph Murumbi, mzee wa bakapu

Ukimwambia mtu mkutane Archives, mara nyingi unamaanisha pale nje, Moi Avenue, mkabala na iliyokuwa Hilton, mkingojeana kabla ya kupanda mat za Kawangware au Kangemi. Wachache huingia. Na humo ndani ndimo yalimo mafaili ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya.

Alizaliwa mwaka wa 1911, baba Mgoa, mama Mmaasai. Alisomeshwa India, akafanya kazi Somalia, kisha akarudi Kenya 1952, wakati viongozi wa KAU walikuwa wanatiwa mbaroni. Mwaka uliofuata alitoka nchini na kuishia London, akiipigania Kenya kutoka huko hadi 1962. Popote alipokaa, hakutupa karatasi. Barua, picha, stempu, vitabu, vyote aliweka.

Waliosomea kompyuta watanielewa. Kwenye mashine za Linux, kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani, ndani ya /home. Msimamizi akiwa makini, hamwachii mtu akumbuke kukopi mwenyewe: cron inaamka usiku, rsync inabeba yaliyobadilika tu na kuyapeleka kwa mashine nyingine. Nasisitiza nyingine, maana nakala ikikaa kwenye diski ileile, diski ikifa zimeenda zote mbili.

Murumbi hakuwa na cron. Alikuwa na mikono yake, mkewe Sheila, na nyumba kubwa Muthaiga.

Februari 24, 1965, rafiki yake wa karibu Pio Gama Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Kifo hicho kilimvunja Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mei 1966 akawa makamu wa rais. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa ameuacha wadhifa huo. Ni wanasiasa wangapi unaowajua walioondoka hivyo, bila kusukumwa?

Baadaye alianzisha African Heritage hapa jijini, yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan, wakiuza na kuonyesha sanaa ya bara zima. Nyumbani rafu zilizidi kujaa: vitabu zaidi ya 50,000, takriban 8,000 kati yavyo vikiwa vimechapishwa kabla ya 1900.

Miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba pamoja na hazina yake, akitarajia pale Muthaiga pageuzwe kituo cha utafiti wa Afrika. Aliamini nyumba yenyewe ingelindwa. Haikulindwa. Ilibomolewa, shamba likagawanywa, naye akiwa bado hai. Sijui mtu hulala vipi baada ya kuona hivyo.

Kilichookoa kazi yake ni kwamba vitabu na karatasi vilikuwa na makao mengine, katika Nyaraka za Kitaifa, lile jengo ambalo zamani lilikuwa benki. Laiti vingebaki kwenye rafu zile za Muthaiga, tungekuwa tunasimuliana tu.

Alifariki Juni 1990. Kwa matakwa yake alizikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto, na Sheila naye amelazwa hapo. Kando yao kuna bustani ya sanamu kutoka kwenye mkusanyiko wake, nayo iko wazi.