Grace Hopper: Mwanamaji aliyepima programu za wengine

NONDO aliyenaswa ndani ya tarakilishi ya Mark II, Chuo Kikuu cha Harvard, mnamo Septemba 9, 1947, alibandikwa kwenye daftari la kazi kama ushahidi wa hitilafu. Grace Hopper hakuwa aliyemgundua mdudu huyo, bali ndiye aliyekivumisha kisa hicho.

Alizaliwa New York mwaka 1906, akapata shahada ya uzamifu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934, na kujiunga na jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1943.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966, kisha likamwita tena Agosti 1967 kwa miezi sita. Lilikuwa likinunua kompaila, yaani programu zinazogeuza maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya COBOL yaeleweke na mashine. Kila kampuni ilidai kufuata kanuni zile zile, ilhali programu iliyotii katika mashine moja iligoma katika nyingine.

Hopper na wenzake waliandika programu za majaribio ambazo majibu yake yalijulikana, wakapima kila kompaila na kuorodhesha kasoro zake. Hivyo mnunuzi hakutegemea tena ahadi ya muuzaji. Alikuwa na ushahidi mkononi.

Miezi hiyo sita ilirefuka. Alivua sare kabisa mwaka 1986, akiwa admeri mwenye umri wa miaka 79, na kufariki Januari 1, 1992.