Stu Ungar: Bingwa wa karata aliyemalizwa na mikeka

KERENDE, Tarime, ni jirani wa mgodi wa dhahabu wa North Mara. Watu wa maeneo ya dhahabu hawahitaji kuelezwa kwamba kupata mali ni kazi moja na kubaki nayo ni kazi nyingine. Mtu anaweza kuokota jiwe Jumatatu, akawaita washikaji wote mezani, Ijumaa akakopa nauli.

Maisha hayohayo aliyaishi Mmarekani mmoja ambaye hakuwahi kushika sururu. Dhahabu yake ilikuwa karata 52. Aliitwa Stuart Ungar, wenyewe wakimwita The Kid, yaani Dogo, na mpaka leo wapo wengi wanaoamini hajatokea mcheza karata mwenye kipaji kama chake.

ALIKULIA BAA

Dogo alizaliwa Septemba 8, 1953 jijini New York, mtaa wa Lower East Side. Baba yake alikuwa na baa, na humohumo kulikuwa na kamari na uandikishaji wa beti. Mtoto akakua akiona hayo. Akiwa na miaka 10 tu alishashinda mashindano ya rami.

Alipofika miaka 13 baba yake akafariki kwa ugonjwa wa moyo. Shule akaiacha, karata zikawa ajira ya kumsaidia mama na dada yake.

Rami ya New York wakati huo ilikuwa na wababe wake. Dogo, kamwili kadogo na sura ya mwanafunzi, akawapitia mmoja mmoja. Inasimuliwa kwamba Harry Stein, maarufu kwa jina la Yonkie, alipigwa michezo 86 bila kushinda hata mmoja. Fikiria 86-0!

Silaha yake ilikuwa kumbukumbu. Karata ikitupwa mezani hakuisahau, na baada ya mizunguko michache alishajua mpinzani kashika nini mkononi.

AKOSA WAPINZANI

Kipaji hicho kikamfungia riziki, maana hakuna aliyetaka tena kucheza naye rami. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akahamia Las Vegas, nako wakamkimbia. Ndipo akageukia poka, mchezo ambao kila mmoja anashika karata mbili za siri, tano zinawekwa wazi mezani, na unaweza kushinda kwa karata nzuri au kwa kumtisha mwenzako akimbie.

Mwaka 1980 akaingia World Series of Poker, ambayo kwa wacheza poka ndiyo Kombe la Dunia. Walikuwa wachezaji 73, kiingilio dola 10,000 kila mmoja. Fainali akakutana na mkongwe Doyle Brunson, aliyekwishatwaa ubingwa huo mara mbili. Dogo akamlaza. Mwaka 1981 akautetea ubingwa wake na kuondoka na dola 375,000.

PESA ILIPOPITIA

Pesa ya mezani ilikuwa inaingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Ungar alikuwa mtu wa mikeka. Alibeti mbio za farasi, alibeti mechi, alibeti chochote chenye mshindi na mshindwa.

Hapo ndipo kipaji kilipogota. Mezani alimwona mpinzani usoni, akahesabu karata zilizotoka, akajua zilizobaki. Kwenye farasi na kwenye mechi hakukuwa na karata ya kukumbuka wala mtu wa kumsoma. Alikaa kusubiri matokeo kama yeyote yule, tofauti ikiwa dau lake lilikuwa kubwa zaidi.

Halafu ikaja kokeini. Ndoa ikavunjika. Kwenye World Series ya 1990, siku ya tatu hakutokea mezani. Akakutwa hotelini amepoteza fahamu kwa dawa za kulevya. Chipsi zake zilikuwa nyingi kiasi kwamba ziliendelea kukatwa kila mzunguko mwenyewe hayupo, na bado akamaliza wa tisa.

AREJEA KWA KISHINDO

Mwaka 1997 hakuna aliyemtarajia. Alikuwa hana kitu. Rafiki yake, Billy Baxter, akamlipia zile dola 10,000 dakika za mwisho, kwa makubaliano ya kugawana ushindi. Dogo akakaa mezani na miwani ya bluu ya duara, kuficha pua iliyoharibiwa na kokeini, na picha ya binti yake ikiwa naye.

Safari hii walikuwa wachezaji 312. Akawapita wote, akammaliza John Strzemp fainali na kutwaa dola milioni 1. Ukawa ubingwa wa tatu. Mwingine aliyewahi kufikisha mitatu ni Johnny Moss pekee.

Nusu ikaenda kwa Baxter. Nusu yake, dola 500,000, ikayeyuka ndani ya miezi michache kwa mikeka na dawa. Mwaka 1998 Baxter alikuwa tayari kumlipia tena, lakini Dogo akabaki chumbani. Bingwa mtetezi hakutokea.

Novemba 22 mwaka huohuo akakutwa amekufa katika chumba cha gesti ya bei rahisi Las Vegas, akiwa na miaka 45. Moyo ulikuwa umechoka kwa miaka ya kokeini. Alikutwa na dola 800 hivi. Inakadiriwa alishinda dola milioni 30 maishani mwake, lakini mazishi yalifanyika kwa mchango.

Wikiendi hii, kuanzia Kerende mpaka Kariakoo, vijana watajaza mikeka yao kwenye simu kabla mechi hazijaanza. Dogo naye alijaza ya kwake, akiwa na kichwa kilichokumbuka karata zote 52, na ikachanika vilevile.